Karata za Nyumbani na Mfuko wa Nyumba



Mwalimu mmoja wa usharika katika nyanda hizi za juu kusini ametujia na swali, nalo latupasa tulijibu. Katika mtaa wake wako Wakristo wanne, watu wenye kazi zao, ambao hukutana kila Jumamosi jioni nyumbani kwa mmoja wao. Huota moto, maana baridi ya mwezi wa Juni huku Mbeya na Iringa mwaijua wenyewe. Hunywa chai, kisha hucheza karata, mchezo uitwao poka. Kila mtu huweka mezani shilingi 1,000. Ifikapo saa nne ya usiku hutawanyika. Hapana pombe, hapana matusi. Lakini mzee mmoja wa kanisa alipopata habari alikasirika, akataka wazuiliwe Meza ya Bwana. Basi mwalimu auliza: Je, hiyo ni dhambi? Na kama ni dhambi, iko wapi: katika karatasi, katika fedha, au katika kicheko chao?

Kukataza ni kazi nyepesi, na kuruhusu ni nyepesi vilevile. Kupambanua ndiko kuzito. Na tujaribu kupambanua.

Kwanza, karata zenyewe. Hizi si mgeni wa jana. Jina lao latokana na Kireno, na majina ya rangi zake pia: shupaza, kopa, uru na pau, hata neno turufu asili yake ni huko huko. Karatasi 52 hazina uovu ndani yake, kama vile kete za bao zisivyo na uovu, nazo wazee wetu huzicheza kivulini na hakuna awalaumuye. Hata kura si haramu kwa nafsi yake. Mitume walipiga kura kumpata Mathiya. Askari nao walipiga kura kwa ajili ya vazi la Bwana. Tendo ni lile lile, ila wale wa kwanza walitafuta mtumishi, na hawa wa pili waligawana mali ya mtu aliyekuwa akifa karibu nao, wala hawakumtazama. Tulishike neno hili, maana twaona ndilo shina la jambo lote: mchezaji huanza kupotea siku ile aachapo kumtazama mwenzake anayeshindwa.

Pili, tuujue mchezo. Katika poka ya zamani kila mtu hupewa karata tano. Wajuao hesabu hutuambia kwamba karata tano zaweza kutoka katika 52 kwa namna 2,598,960, na zaidi ya nusu ya namna hizo hazina hata jozi moja. Basi mara nyingi mchezaji hushika kitu kidogo tu, na ustadi wake ni kuuficha uso, ili wenzake wasijue kama ana nguvu au hana. Je, huo ni uongo? Sisi hatusemi hivyo, maana wote wamekubaliana, kama mcheza mpira ajifanyaye kwenda kulia kumbe aenda kushoto. Walakini ustadi huo ubaki mezani, usiende sokoni wala kwa mke wake.

Tena karata hazina kumbukumbu. Aliyeshindwa mara tano hadai kitu mara ya sita. Wengi walioangamia hawakuangamizwa na kushindwa kwa kwanza, bali na neno hili: “Nacheza tena nirudishe zangu.” Neno hilo likitoka kinywani, mchezo umekwisha, kilichobaki ni kamari.

Tatu, yako maneno ya wale wasemao, “Mkulima naye hubahatisha, hutupa mbegu mwezi wa Novemba wala haijui mvua.” Ni kweli, lakini tofauti iko. Mkulima akipata, ghala ya jirani haikupungua. Ardhi imezaa kisichokuwako jana. Mezani hakuna kizaliwacho. Watu wanne wakiweka 1,000 kila mmoja, ziko 4,000 mwanzo na 4,000 mwisho. Nilichopata mimi kimetoka katika mfuko wa ndugu yangu. Kweli alikubali, na kwa fedha yake amenunua jioni ya furaha, kama mtu alipaye kiingilio cha mpira. Hilo hatulikatai. Lakini kukubali kwake hakutoshi mpaka tujue amekubali kwa moyo au kwa aibu.

Hapa ndipo tulipomwuliza mwalimu: “Hao wanne ni akina nani?” Akajibu kwamba watatu wana mshahara wa kila mwezi, na wa nne ni fundi wa kujenga, apataye leo na kukosa kesho. Naam! Kwa wale watatu shilingi 1,000 ni bei ya chai na maandazi. Kwa yule wa nne ni unga wa watoto. Naye hasemi, kwa kuwa hataki kuonekana maskini mbele ya rafiki zake. Basi twaona kanuni ya kwanza: kiasi cha mchezo kipimwe kwa mfuko wa aliye mdogo mezani, wala si kwa mfuko wa aliye mkubwa. Na kama hata kiasi kidogo kinamwumiza, wachezee punje za mahindi. Ikiwa mchezo hauna ladha pasipo fedha, basi wameshajua walichokuwa wakikitafuta.

Kipimo kingine ni hiki: umeshinda fedha ya mwenzako usiku, asubuhi wakutana na mkewe njiani. Je, waweza kumsalimu na kumtazama machoni?

Nne, mfuko wa nyumba. Katika nchi yetu ya juu mvua ni za msimu mmoja, na fedha vilevile. Baada ya mavuno mahindi na viazi huuzwa, na mtu huona fedha nyingi kwa siku chache. Kisha huja mbegu na mbolea, kisha Januari na sare na madaftari, kisha miezi ya mvua ambayo ghala zapungua. Ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini mtoto bado yampasa avae, ale na aandike. Mwenye busara huigawa fedha ya mavuno siku ile ile aipatayo: chakula, shamba, watoto, sadaka, akiba ya ugonjwa. Kinachobaki, mume na mke wakikijua wote wawili, kidogo chake chaweza kuwa cha furaha. Fedha ya karata itoke hapo tu. Isitoke katika mkopo, wala katika kikoba cha akina mama, wala katika sanduku la usharika, hata kwa nia ya kuirudisha Jumatatu. Na iandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari: anayepoteza shilingi 1,000 kila Jumamosi, kwa mwaka amepoteza 52,000, nazo zaweza kumvika mtoto sare.

Tena meza ya nyumbani isifanywe mlango wa mahali pabaya zaidi. Siku hizi kijana hucheza kwa simu akiwa peke yake kitandani, au hutia sarafu katika mashine ya dukani. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 humkataza aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haiketi chumbani mwake. Rafiki mezani aweza kusema, “Ndugu, leo yatosha, nenda ukalale.” Mashine haisemi hivyo kamwe. Kwa hiyo watoto wasitumwe wala wasishirikishwe katika mchezo wa fedha, hata wa shilingi kumi.

Mwisho twataka kusema na yule mzee aliyekasirika, kwa heshima yote. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther alitufundisha kwamba amri ya saba haituzuii tu kuichukua mali ya jirani, bali yatutaka tumsaidie kuitunza na kuiongeza. Kwa kipimo hicho wacheza karata wana neno la kujibu. Lakini je, ni wao peke yao? Kule Kyela iko biashara iitwayo njuruku: mwenye fedha humnunulia mwenye shida kakao yake ingali mtini, kwa bei ndogo. Mijini iko mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Wako wafanyao hivyo ambao hawajashika karata maishani mwao, nao huketi viti vya mbele. Tukiwazuia wanne kwa shilingi 1,000, na hao tukiwaacha, tumepima kwa mizani miwili.

Basi tulimjibu mwalimu hivi: Usiwatenge. Nenda Jumamosi, uketi nao, unywe chai yao. Usiwahubirie, waulize tu, mbele ya wote, kama kiasi chao ni chepesi kwa kila mmoja. Kisha umtazame fundi, wala usimlazimishe kujibu. Na wale watatu wakimtazama pia, yaelekea watajua la kufanya bila hukumu yetu.

Nasi tusomao, kila mtu na aulize juu ya kila shilingi iliyoingia mkononi mwake wiki hii: imetoka kwa nani, naye hali yake ikoje?