Nyumba na Riya

Wanazuoni wa pwani wamesema mengi juu ya riya, maradhi yale ya moyo yanayomfanya mtu airefushe sijida yake kwa kuwa amesikia nyayo za watu nyuma yake. Lakini ni nadra kuulizwa kama maradhi hayo huweza kumpata mwashi kama yanavyompata mwenye kuswali. Swali hili hunijia kila nikumbukapo nyanda za juu za Mbulu, ambako zamani palikuwa na nyumba ambayo ufundi wake wote ulikusudiwa isionekane.

Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, walikuwa wakiichimba nyumba katika ubavu wa kilima, hata ukuta wa nyuma ukawa ni ardhi yenyewe; kisha juu ya nguzo na boriti nene wakapanga fito, na juu ya fito wakamwaga udongo, mpaka paa likalingana na mteremko na kuota majani, na mgeni apitaye akadhani yu malishoni, kumbe yu juu ya vichwa vya watu waliolala. Mifugo nayo ililala humo humo, ikileta joto, na joto si jambo dogo katika nchi ile ya baridi iliyo juu ya kingo za Bonde la Ufa. Kilichowapeleka chini ni hofu ya Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe, na H. A. Fosbrooke, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records, katika miaka ya 1950, jinsi uvamizi huo ulivyoyapa makazi yao umbo lake.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Katika itikadi ya asili ya Wairaqw, Looaa, ambaye jua ni alama yake naye huelezwa kama mama, ndiye asili ya kheri, hali neetlaangw, mizimu ya chini na ya chemchemi, ni wa kuogopwa. Watu wenye itikadi hiyo walichagua kulala upande wa wale wanaowaogopa! Sioni tafsiri nyingine ila kwamba hofu ya binadamu mwenye mkuki iliishinda hofu ya mizimu.

Sasa na tuiweke kando ya ile ya Mbulu nyumba nyingine, iitwayo Red House, iliyoko Bexleyheath, ndani ya London ya leo, ambayo msanifu majengo Philip Webb alimchorea rafiki yake, msanii William Morris, naye Morris akahamia mwaka 1860. Ni nyumba ya tofali nyekundu zilizoachwa wazi bila lipu, yenye paa la vigae lililoinuka sana, na kuta na samani ambazo Morris na rafiki zake, akiwamo Edward Burne-Jones, walizipamba kwa mikono yao. Na kutokana na nyumba hii na kazi za Morris na wenzake ilipata nguvu ile harakati ya Sanaa na Ufundi, iliyochukia vitu vya kiwandani, ikashikilia kwamba jengo lisifiche lilivyojengwa, na kwamba fundi afurahie kazi yake. Ni itikadi adhimu, nami siidharau. Lakini Morris alikaa humo miaka mitano tu, akahama, na vitu vizuri alivyotengeneza baadaye vilinunuliwa aghalabu na matajiri, jambo lililomsononesha mwenyewe, ambaye alikuja kuwa msoshalisti.

Ukweli wa tofali lile lililoachwa uchi ni ukweli wenye hadhira: lazima apatikane mtu wa kulitazama na kusema, tazameni, halidanganyi. Paa la Mbulu halikumwambia mtu neno lolote, bali lilimdanganya kila apitaye. Hata hivyo halikuwadanganya wale liliowafunika, na sidhani kama jengo lina deni la ukweli kwa mtu mwingine zaidi ya hao.

Mtu anaweza kunipinga kwa kunionyesha Hanang, ambako jirani zao Wairaqw, yaani Wabarabaig, humjengea mzee mwenye heshima kaburi la udongo na samadi na miti, likiongezwa kimo kwa muda wa miezi mpaka lionekane kutoka mbali. Siiti hiyo riya, kwa kuwa asifiwaye hayupo kujisikia akisifiwa. Waliolalamika kwamba makaburi hayo yalilimwa na matrekta ya mashamba makubwa ya ngano hawakulilia fahari, walililia ushahidi.

Siku hizi milima ya Mbulu inameremeta mabati. Uvamizi ulikoma, paa la udongo lilidai magogo mengi mazito, na misitu kama ule wa Nou ni hifadhi. Tofali za kuchoma na bati zikachukua nafasi. Mfuasi wa Morris angesikitika, nami sisikitiki. Huko Karatu nyumba ya chini ya ardhi imejengwa upya ili watalii waione, na iliyobuniwa ili adui aipite sasa inangojea wapiga picha. Ikiwa riya imeingia popote katika kisa hiki, imeingia pale, wala haimo katika bati la mkulima linalomkingia maji ya mvua. Ingawa hata hapo ulimi wangu ni mzito wa lawama, kwa kuwa bila maonyesho hayo kijana wa Kiiraqw angepata wapi kupima kwa kimo chake mwenyewe jinsi babu yake alivyoinama akiingia kwake?