Ndani ya Nini, Pembezoni mwa Nini?

Muulize dereva wa Kyela mjini kuhusu Ikombe, kijiji cha Wakisi kilicho mbele ya Matema, atakwambia huko ni ndani. Fungua ripoti ya ofisini inayogusa vijiji vya namna hiyo, utakuta vimeitwa maeneo ya pembezoni. Kijiji ni kilekile. Mmoja anakiona kimezama katikati, mwingine anakiona kimening'inia ukingoni, na hakuna anayesema uongo. Dereva anapima kutoka barabarani: ukiiacha lami umeingia. Ndiyo maana barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema ilipowekwa lami, "ndani" nayo ilisogea mbele. Ofisi inapima kwenye ramani, na kwenye ramani ya Tanzania Kyela iko kule kusini-magharibi, penye mpaka wa Malawi.

Je, umbali ni sifa ya mahali, kama lilivyo joto la Kyela, au kina cha Ziwa Nyasa kinachofika takriban mita 700? Joto haliulizi nani anatazama kutoka wapi. Umbali unauliza.

Kiswahili kinalijua jambo hili vizuri kuliko baadhi yetu tunaokitumia. Ng'ambo ni neno la mtu aliyesimama mahali. Kwa mkazi wa Kasumulu ng'ambo ni Malawi. Akivuka daraja la mto Songwe na kugeuka, ng'ambo imekuwa kwao. Unguja kuna mtaa mzima uliobaki na jina hilo, Ng'ambo, kwa sababu aliyeupa jina alikuwa upande wa Mji Mkongwe. Wakazi wake wamerithi jina la macho ya watu wengine. Bara nayo ni hivyohivyo: kwa Mzanzibari Dar es Salaam ni bara, huku mtu wa Dar hiyohiyo akituita sisi wa Mbeya na Kyela watu wa mikoani, kana kwamba Dar es Salaam yenyewe si mkoa.

Historia ya ufuko wetu huu wa Ziwa Nyasa inalionyesha jambo hilo vizuri. Wajerumani walipojiimarisha hapa katika miaka ya 1890, boma lao la kwanza, Langenburg, lilikuwa ziwani. Meli yao, Hermann von Wissmann, ililetwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire, ikaungwa na kushushwa majini. Kwa hesabu ya siku hizo ufuko ndio uliokuwa mlango, na mahali ulipo mji wa Mbeya hapakuwa na mji. Mji huo ulikuja miaka ya 1920, pamoja na dhahabu ya Lupa. Kabla ya hapo boma lilikuwa limekwishahamia Tukuyu. Baadaye reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Mbeya. Ufuko uko palepale ulipokuwa. Kilichohama ni kituo cha kupimia.

Hata habari zina ndani na pembezoni zake. Agosti 1914 meli hiyohiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli, ikitengenezwa, wakati meli ya Waingereza, Guendolen, ilipotokea na kuifyatulia mzinga. Vita vya Ulaya vilikuwa vimeanza na Waingereza walikwishapata taarifa. Nahodha Mjerumani hakuwa na habari. Ziwa moja, wazungu wawili waliokuwa wakifahamiana, mmoja karibu na Ulaya, mwingine mbali nayo.

Mtu atanijibu: acha falsafa, mama mwenye uchungu wa uzazi usiku hakai kujadili nani amesimama wapi. Kweli. Lakini yeye ndiye anayenipa hoja. Umbali wake una anwani: hadi zahanati, hadi kwa mkunga. Tena unabadilika. Mwera ukivuma kutoka kusini na ziwa likachafuka, mtumbwi hautoki, na kijiji kilichokuwa karibu asubuhi kinakuwa mbali jioni. Neno pembezoni halina nafasi ya mambo kama hayo. Kisarufi lenyewe linadai kijalizo, pembezoni mwa kitu fulani; ofisi imekikata kijalizo, na kilichobaki kinasomeka kama tabia ya kijiji, karibu kama kosa lake.

"Mazingira magumu", wanavyoandikiwa walimu na wauguzi, ni afadhali kidogo. Angalau unasikia sauti ya mgeni aliyeshuka na sanduku lake.

Wanawake wa Kikisi wanaofinyanga vyungu hawahitaji neno lolote kati ya haya. Barabara yao ni maji. Vyungu vinapakiwa mtumbwini hadi mnada wa Matema, kutoka hapo vinaenda Kyela, Mbeya na Malawi. Mchele nao una bahati yake. Ukifika sokoni Dar es Salaam, Kyela hugeuka sifa, na wauzaji wengine huubandika jina hilo mchele ambao haujawahi kuliona bonde letu. Mkulima wake akija kuutembelea mji huohuo ataitwa mshamba.

Basi nawaomba wanaoandika mipango ya wilaya na mikoa: mkilitumia neno pembezoni, lirudishieni kijalizo chake. Andikeni ni pembezoni mwa nini, ni saa ngapi kwa mtumbwi hadi zahanati ziwa likiwa limetulia, na wakazi wafanye nini mwera ukivuma.