Mbolea ya Serikali Ina Wenyewe

Bismillahi Rrahmani Rrahim



Wengi wetu hapa Kasungami tunalima. Mvua za kwanza zikikaribia, mtu hutafuta mbolea, na bei yake inamtisha. Ndipo anapotokea jamaa mwenye magunia yaliyovuka mpaka wa Kasumbalesa, bei nusu. Ukimuuliza yametoka wapi, anacheka: "Ni ya serikali ya Zambia, haina mwenyewe." Je, ndugu yangu, inafaa kununua?

Kwanza tujue gunia hilo ni nini. Tangu mwaka 2002 serikali ya Zambia inawalipia wakulima wadogo sehemu kubwa ya bei ya mbolea na mbegu. Mwaka 2009 fungu lilipunguzwa ili wengi zaidi wapate: badala ya magunia 8 ya kilo 50, mkulima akapewa 4, pamoja na kilo 10 za mbegu ya mahindi, kwa shamba la nusu hekta. Mkulima naye hutoa mchango wake, na jina lake huandikwa. Basi gunia hilo lina jina la mtu. Likipotea njiani, yuko mama anayelingoja.

Anayesema halina mwenyewe amekosea hesabu. Ukimwibia mtu mmoja, utamwendea yeye kuomba radhi. Ukiiba mali ya wote, utamwomba nani? Utazunguka vijiji vyote?

Mwingine atasema: "Mimi pia ni maskini." Akumbuke kisa cha Mid'am, mtumishi wa Mtume (s.a.w.). Baada ya Khaybar alipigwa mshale akafa, watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume akawajulisha kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inamwakia moto. Hakuivunja nyumba ya mtu. Alichukua katika mali ya wote, basi. Na aliyesikia hayo akaja kurudisha hata kamba ya kiatu.

Kabla ya kugawanywa: hapo ndipo penye mpaka. Mjane aliyepokea fungu lake kwa haki, mtoto akaugua, akauza gunia moja apate dawa, amekwenda kinyume na mpango, lakini hakula fungu la mwingine. Mimi simwiti mwizi. Bali aliyeandika majina ya marehemu ili apokee kwa niaba yao, na aliyegeuza lori njiani, hao wamechukua shuka. Na sisi wanunuzi ndio soko lao.

Utasema: nitajuaje? Kweli, gunia halisemi. Lakini mtu akikuletea magunia 40 usiku wa manane, hilo si fungu la mjane. Moyo wako unajua, ndiyo maana huulizi mara ya pili.

Tena tazama mwisho wake. Mahindi hutaka mbolea kwa wakati wake. Ikikosekana, majani hugeuka manjano na suke linakuwa dogo. Na mahindi ya Zambia ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya masufuria ya bukari hapa Lubumbashi. Mwaka 2024 ukame uliunguza mashamba yao hata serikali yao ikatangaza janga la taifa. Ukame ule hakuna aliyeuleta kwa mkono wake. Njaa ya mbolea iliyoibiwa inapita mikononi mwetu, kisha inarudi mezani kwetu kwa bei ya unga.

Basi tufanye nini? Majirani watano wachange wanunue dukani kwa pamoja. Tukusanye samadi ya kuku na mbuzi. Tulime shamba dogo lililoshiba kuliko kubwa lenye deni la watu tusiowajua.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na atubarikie mvua. Amin.