Umbali wa Salamu

Wapiga picha wawili wakikutana Nairobi, hata kabla hawajaulizana wanaishi mtaa gani, swali la kwanza huwa "Unatumia lenzi gani?" Hapo mjadala unaanza na hauishi leo. Mmoja atakwambia 28 ndiyo lenzi ya mtaani. Mwingine ataapa kwa 50. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye doh, atatoa zumu ya 70 hadi 200 na kuuliza mbona mnajisumbua. Watabishana kuhusu bei, uzito, na vile mandharinyuma yanavyoyeyuka. Lile ambalo mimi naona ndilo kubwa huwa haliguswi. Kila namba kati ya hizo inakuamulia utasimama wapi ukimtazama mtu usiyemjua, na mahali unaposimama ni swali la maadili kabla hata hatujafika kwa urembo wa picha.

Nimelazimika kuliwazia kwa sababu nina pesa ya lenzi moja tu. Mimi huandika kwa kujitegemea. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliponishinda, na tangu hapo naishi kwa makala, na siku hizi wahariri wanataka makala ije na picha zake. Kamera ni ya mkono wa pili. Mwenye mkoba wa lenzi tano anaweza kuahirisha uamuzi kila asubuhi. Mimi nikishanunua, nimeamua.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu haya yote ni maneno ya kahawa. Urefu wa fokasi ni ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi. Ikiwa ndogo, lenzi inaona upana mkubwa. Ikiwa kubwa, inaona kipande kidogo na kukivuta karibu. Chukua kamera ya fremu kamili, ile ambayo sehemu yake ya kupokea mwanga ni milimita 36 kwa 24. Ishike wima. Unataka mtu mzima aingie kuanzia kichwa hadi viatu, na nafasi kidogo juu na chini, tuseme mita 2 kwa jumla. Ukiwa na 28 utasimama kama mita 1 na nusu kutoka kwake. Ukiwa na 35, karibu mita 2. Kwa 50 ni karibu mita 3, kwa 85 ni karibu mita 5, na kwa 200 ni mita 11. Na kama una zile kamera ndogo za Canon ambazo wengi wetu tumeanza nazo, zidisha namba ya lenzi kwa 1.6. Ile 50 ya bei nafuu kumbe inafanya kazi ya 80. Ndiyo maana wengi hujikuta ng'ambo ya barabara bila kujua ni nani aliyewapeleka huko.

Sasa toa hizo mita kwenye karatasi uzipeleke Tom Mboya Street. Kwa mita 11 wewe uko upande ule mwingine, matatu zinapita katikati, na mtu wako hana habari kwamba upo duniani. Kwa mita 5 uko mlangoni mwa duka na yeye yuko ukingoni mwa barabara. Anaweza kukuona akigeuka, lakini ni rahisi kwako kujifanya unapiga jengo. Kwa mita 2 unasikia anachosema kwa simu. Kwa mita 1 na nusu mko kama watu wa foleni moja ya M-Pesa.

Kwetu kuna umbali ambao ukimpita mtu kimya unakuwa umemdharau. Hakuna aliyewahi kuupima kwa futikamba, lakini sote tunaujua. Kijijini, mtoto akikutana na mzee kwenye njia nyembamba akapita bila kusema neno, ataitwa arudi. Ukimwona huyo mzee kule juu kwenye mteremko, hakuna anayekulaumu kwa kunyamaza. Mjini tumeupunguza sana umbali huo, kwa sababu huwezi kuisalimia Moi Avenue nzima, lakini haujaisha. Ingia kwenye lifti, keti kando ya mtu kwenye benchi ya kibandani, simama mbele ya meza ya mama mboga: ukikaa kimya, hewa inabadilika. Nikipiga hesabu yangu, umbali huo unaangukia hapo kwenye mita 2. Ni umbali wa lenzi ya 35.

Salamu si ombi la ruhusa. Ukiniamkua sijakubali chochote. Salamu inafanya jambo moja tu: inamjulisha mwenzako kwamba umemwona, na inampa nafasi ya kujibu. Anaweza kuitikia, anaweza kukukazia macho, anaweza kuuliza wewe ni nani. Ninachodai ni kwamba lenzi ya mtaani ichaguliwe kwa kipimo hicho. Mtu unayempiga picha awe mahali ambapo anaweza kukujibu.

Walio na lenzi ndefu wana hoja, na si hoja mbaya. Wanasema wakiwa mbali hawamsumbui mtu. Hawamshtui, hawamkatizi, wanamwacha aendelee na maisha yake. Eti huo ndio ustaarabu. Lakini tazama kilichotokea New York. Kati ya 1999 na 2001, Philip-Lorca diCorcia alifunga taa juu ya watu eneo la Times Square, akaiweka kamera yake mbali na lenzi ndefu, akawa anapiga sura za wapita njia ambao hawakujua lolote. Picha ni nzuri sana, sitadanganya. Watu wanaonekana kama wametoka gizani peke yao duniani. Mmoja wao alikuwa Myahudi wa madhehebu yenye msimamo mkali wa kidini, na miaka kadhaa baadaye akagundua kwamba sura yake ilionyeshwa kwenye maonyesho na kuuzwa. Alisema ni kinyume cha imani yake. Akashtaki, na mwaka 2006 mahakama ikamkatalia: hiyo ilikuwa sanaa, na sanaa inalindwa. Kisheria huenda ni sawa. Kinachonikera ni kwamba mtu alilazimika kuajiri wakili ili aseme jambo ambalo barabarani ni maneno mawili: usinipige picha. Siku ile hakuwa na wa kumwambia.

Basi tusogee karibu, sivyo? Hapana, si rahisi hivyo. Bruce Gilden, wa New York pia, alijulikana kwa lenzi ya 28 na flashi mkononi, akimtokea mtu kwa ghafla na kummulika usoni. Angalau hajifichi, unayemtaka kumtukana yuko hapo hapo. Lakini amekupa umbali bila kukupa muda. Unapofumbua macho, kazi imeisha. Mshtuko wako ndio picha yenyewe. Kuna msemo maarufu unaohusishwa na Robert Capa, kwamba kama picha zako si nzuri basi hukusogea vya kutosha, na vijana wengi wa kamera wanaushika kama aya. Capa alikuwa mpiga picha wa vita. Alikanyaga bomu la ardhini Indochina mwaka 1954 akafa. Kusogea kwake kulimgharimu yeye mwenyewe. Sisi tukisogea pale Gikomba, anayelipa mara nyingi ni yule tuliyemsogelea.

Na hapa Nairobi malipo yenyewe si hadithi. Mchuuzi aliyetandaza bidhaa kwenye njia ya miguu anaishi akichunga kanjo wasitokee. Akiona mtu wa kamera mbali, anayemlenga bila kusema kitu, hajui kama ni msanii, mwanahabari au mtu wa kaunti anayekusanya ushahidi. Anakunja turubai na kuhama, na pengine mauzo ya jioni yameenda. Tangu maandamano ya Juni 2024, vijana waliochukuliwa na watu wasiojulikana wametufundisha sote kwamba sura kwenye picha inaweza kutafutwa na mtu mwingine kabisa, kwa sababu nyingine kabisa. Sura ya mtu si mapambo tena.

Sheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina meno: mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Lakini sheria hiyo hiyo inaiachia nafasi kazi ya uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Kwa hivyo msanii anaweza kusema yuko salama. Sawa. Sheria inakwambia lini utalipa. Haikwambii usimame wapi.

Siku moja nilikuwa mjini na 35 ya kuazima. Mzee mmoja alikuwa anauza kufuli, amezitundika kwenye ubao, anahesabu sarafu, jua la saa kumi limempiga upande mmoja. Nikapiga mara mbili. Akainua macho.

"Kijana, hiyo picha inaenda wapi?"

"Ni ya makala, mzee. Labda itatoka, labda haitatoka."

"Leta nione."

Nikamwonyesha zote mbili. Ya kwanza sura yote iko wazi. Ya pili ni mikono, sarafu na kufuli.

"Hii ya sura futa," akasema. "Ya mikono haina shida. Nyumbani wanajua bado niko kampuni."

Nikaifuta akiona. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za siku hiyo, na sina. Lakini ningekuwa na 200 ningekuwa nayo, labda hata ingechapishwa, na mke wake au mtoto wake angeiona kwa simu kabla yeye hajajua kwamba ipo. (Hauzi kufuli. Nimebadilisha bidhaa na mtaa ili abaki pale alipo.)

Sasa, najua mtakaloniambia. Ukianza na salamu, picha imekufa; mtu atajipanga, atatabasamu ya kitambulisho. Henri Cartier-Bresson, ambaye alipiga sehemu kubwa ya kazi yake na lenzi ya 50, alifunika sehemu za kung'aa za Leica yake kwa utepe mweusi ili asionekane. Kweli. Mimi pia sisalimii kabla ya kupiga. Nilipiga yule mzee kwanza. Ninachosema ni kwamba baada ya kupiga, nilikuwa bado nipo. Salamu inaweza kuchelewa kidogo na bado ikawa salamu, mradi hujaondoka.

Mtasema tena: na polisi? Askari akiinua rungu juu ya mtu aliyeanguka, nisogee mita 2 nimwamkue? La. Pale lenzi ndefu ni haki yangu kabisa. Umbali wa salamu ni deni kwa mtu ambaye picha yangu inaweza kumuumiza na hana namna ya kujitetea. Mwenye bunduki, pingu na msemaji wake wa habari ana namna nyingi za kujibu. Simdai salamu wala hanidai.

Na mtanitajia Saul Leiter, aliyetembea New York miaka ya hamsini akipiga picha za rangi, mara nyingi kwa lenzi ndefu, kupitia vioo vyenye mvuke na mvua. Nampenda sana. Lakini tazama anachochukua: mwavuli mwekundu, kivuli nyuma ya pazia, mguu, kofia. Mara nyingi huwezi kumtambua mtu. Alikaa mbali, na hakubeba sura ya mtu kurudi nayo. Hilo naliona la haki. Ukitaka kukaa mbali, chukua vya mbali.

Kwa hivyo nitanunua 35. Najua ninachokosa. Nitakosa uso ulioegemea dirisha la matatu iliyo leni ya pili. Nitakosa yule wa mkokoteni aliyelala juu ya magunia Marikiti, maana kwa mita 2 siwezi kumpiga mtu aliyelala, hawezi kunijibu. Kuna wahariri ambao wangezilipia picha hizo kuliko zile nitakazowaletea, na kodi ya nyumba haijui maadili. Nimeiweka hiyo kwenye hesabu pia.

Kama nawe unachagua, usianze dukani. Nenda mjini bila kamera. Tafuta mtu anayefanya kazi yake barabarani, simama mita 11, halafu 5, halafu 2, na kila mahali jiulize kama akitaka kukuuliza hiyo picha inaenda wapi, utamsikia. Halafu uwe na jibu.