Hofu ya Usiku

Wanafunzi walipomwona Yesu akienda juu ya bahari, zamu ya nne ya usiku, walipiga yowe wakidhani ni mzuka. Aliyewajia ni Mwokozi. Mzuka waliuona kwa hofu yao.

Na sisi hapa Ngulyati, fisi akilia gizani, moyo hunena: yuko mchawi mgongoni pake. Kukipambazuka, hutazamwa bibi kizee mwenye macho mekundu. Nanyi mwajua, macho hayo yameumizwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, miaka yote aliyotupikia. Hata hivyo, katika Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa ajili ya macho hayo. Je, miongoni mwa wauaji hawakuwamo waliobatizwa?

Mwalimu, fisi akilia usiku huu, nenda ukapige hodi kwa bibi huyo, ukae naye hata alfajiri.