Siku za Likizo ni za Nani?

Katika nchi ya Marekani, Juni, Julai na Agosti ni miezi ya joto; shule zimefungwa, na ndiyo majira ambayo koo hukusanyika. Watu hutoka miji ya mbali, wakakutana mahali alipozaliwa babu yao, wakachoma nyama, wakavaa fulana za rangi moja zenye jina la ukoo, wakahesabu watoto waliozaliwa na wazee waliofariki. Majira hayo hayo ndiyo ya waenda kwa miguu, yaani wale wajitwikao shanta na hema wakafuata njia ndefu za milimani kwa majuma au hata miezi. Basi wako wanaounganisha mambo hayo mawili katika safari moja: siku mbili tatu kwa ndugu, na zote zilizobaki milimani. Hapo huzuka swali ambalo shangazi yeyote aweza kuliuliza pasipo kusoma falsafa: “Umekuja kutuona sisi, au umekuja kuiona milima?”

Wasomaji wengi watamwunga mkono shangazi mara moja. Lakini yafaa kwanza tujue hali ya huyo anayeulizwa. Hapa Tanzania sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri kutoa hata siku moja ya namna hiyo. Apatacho mtu hutegemea mapatano yake na mwenye kazi, na mara nyingi ni majuma mawili tu. Mtu mwenye siku chache hivyo hana nafasi ya kwenda nyumbani mara moja na kupumzika mara nyingine. Akiziunganisha safari zake, tusiseme upesi kuwa ni mchoyo.

Tena miguu na ukoo si maadui tangu zamani. Mwaka 1865, vita ya Kaskazini na Kusini ilipokwisha huko Marekani na watumwa wakapata uhuru, maelfu ya watu walianza kuwatafuta waume, wake na watoto waliouzwa mbali. Walitoa matangazo magazetini, wakitaja majina, na bwana aliyewamiliki, na mahali walipoonana mara ya mwisho. Matangazo hayo yaliendelea miaka mingi, yakasomwa hata makanisani. Wengine hawakungoja gazeti. Mwandishi John Dennett, aliyezunguka majimbo ya Kusini mwaka huo huo, alikutana katika North Carolina na mtu wa makamo akijikongoja kwa fimbo, miguu imechoka. Alikuwa ametoka Georgia, naye alisema ametembea karibu maili 600, yaani kama kilometa 960, akimtafuta mkewe na wanawe aliotenganishwa nao kwa kuuzwa. Anayestaajabia mikutano ya koo za Wamarekani weusi, na bidii yao ya kusafiri mbali kuihudhuria, na amfikirie mtu huyo.

Njia mashuhuri ya matembezi, iitwayo Appalachian Trail, huanza katika jimbo hilo hilo la Georgia, ikapita North Carolina, ikaendelea hata mlima Katahdin katika jimbo la Maine. Urefu wake wapita kilometa 3,500 katika majimbo 14. Benton MacKaye aliipendekeza mwaka 1921, nayo ikakamilika mwaka 1937. Aifuataye yote kwa safari moja huhitaji miezi mitano hadi saba, wala hana mtu anayemtafuta mwishoni. Afikapo kileleni hugeuka akarudi nyumbani.

Je, matembezi ya jinsi hiyo ni upuzi? Mwaka 1955 Bibi Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67, aliitembea njia hiyo yote peke yake, akiwa amevaa raba za kawaida, na begani amechukua mfuko alioushona mwenyewe. Alikuwa amezaa na kulea watoto 11, na amevumilia kwa miaka mingi mume aliyempiga, mpaka ndoa hiyo ilipovunjwa mahakamani mwaka 1941. Watoto wake, ambao wote walikuwa watu wazima, aliwaambia tu kwamba anakwenda kutembea. Wako watakaosema kwamba bibi mwenye wajukuu 23 alipaswa kukaa nao. Mimi sikubali. Mtu aliyekuwa wa watu wengine muda wa miaka zaidi ya thelathini, asiwe na saa yake mwenyewe, hamdhulumu mtu yeyote akichukua majira moja ya joto kuwa yake.

Liko jambo jingine la kupimwa, nalo ni la jina. Katika njia hiyo desturi ni kwamba kila mwendaji hupewa jina la utani, na kwa jina hilo hujulikana kambini na kuandika katika madaftari yaliyowekwa vibandani. Hakuna amjuaye baba yake wala kazi yake. Kwenye mkutano wa ukoo mambo ni kinyume kabisa: hana jina ila ni mtoto wa fulani, mdogo wake fulani, na kabla hajaketi ataulizwa ataoa lini. (Swali hili halina mipaka ya taifa.) Si ajabu kijana akaona hewa ya milimani ni nyepesi zaidi. Lakini wepesi huo una gharama. Pasipo na wa kukuuliza habari zako, yawezekana hapana pia wa kukukosa usipofika. Wala huyo ajionaye pekee hayuko pekee: vibanda alalamo vilijengwa na kutunzwa na watu waliojitolea, na mara kwa mara hukuta chakula kilichoachwa na wenyeji asiowajua. Hata kujitenga kwake kumeandaliwa na wengine.

Basi tumwambie nini kijana mwenye siku 14? Wengine hutoa kipimo hiki: je, angalikuja kwa ndugu kama pasingalikuwa na milima karibu? Naona kipimo hicho ni kikali mno, nacho chatuhukumu sisi sote. Wachagga wanaofurika Kilimanjaro kila Desemba huenda kwa ajili ya wazee, ndiyo, lakini pia kwa ajili ya baridi, na mbuzi, na mbege. Hakuna mwanadamu apendaye kwa sababu moja tu.

Ningeuliza hivi afadhali: siku zake za matembezi zinalipwa na nani? Katika kila ukoo yupo mtu mmoja, mara nyingi ni binti, aliyebaki na mama mgonjwa. Ndiye amwogeshaye, ndiye ajuaye dawa za asubuhi na za jioni, ndiye asiyelala. Kwake mkutano wa ukoo si sherehe. Ni kazi ya kupika na kutandika vitanda juu ya kazi aliyo nayo. Umati wa watu mia wenye fulana za rangi moja haumdai kijana kitu kikubwa. Akiondoka siku ya pili wachache watatambua. Anayemdai ni dada huyo. Akifika kwake kama afikavyo katika kituo cha njiani, akafua nguo, akajaza shanta vyakula, akambusu mama na kuondoka, hapo shangazi ana haki kabisa, ijapokuwa kijana alihudhuria mkutano wote tangu sala ya kwanza hadi picha ya mwisho.

Huenda tena mwenye kutamani milima ni huyo dada. Bibi Gatewood alingoja mpaka miaka 67. Sioni sababu kwa nini kijana asikae na mama siku kumi na mbili, ajifunze saa za dawa, na shanta ajitwike dada.