Kukinga si Kuzuia

Swali lenyewe lilikuwa fupi, na mwishoni mwa mwaka 2021 lilisikika kila mahali: kama aliyechanjwa naye anaugua, chanjo ilikuwa na kazi gani? Liliulizwa kwenye daladala na matatu, nje ya misikiti na makanisa baada ya ibada, na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Baadhi ya walioliuliza walichekwa, wengine wakaitwa wajinga. Mimi naona lilikuwa swali zuri, na waliopaswa kulijibu walilikwepa. Ndani yake mna swali jingine ambalo halikuondoka na ugonjwa: mtu akikuahidi kinga, amekuahidi nini hasa? Na kinga hiyo isipotosha kumlinda jirani yako, deni lako kwake linabaki kiasi gani?

Tuanze na ahadi. Novemba 2020, kampuni za Pfizer na BioNTech zilitangaza kwamba chanjo yao ina ufanisi wa takriban asilimia 95. Kilichopimwa katika majaribio yale ni idadi ya watu walioonyesha dalili za ugonjwa. Hakikupimwa kama aliyechanjwa anaweza kubeba kirusi na kumpa mwenzake. Lakini namba nzuri haikai mahali ilipowekwa. Ilipofika kwenye majukwaa ya siasa na mabango ya barabarani ilikuwa imeshageuka kuwa kitu kingine: ukichanjwa, huambukizwi.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kimetuonya. Mtu anayekinga mvua kwa mwavuli hutembea, na miguu yake hulowa. Mtu anayekinga maji huweka ndoo chini ya mchirizi wa bati. Katika matumizi yote mawili mvua inaendelea kunyesha. Anayekinga amekubali kwamba kitu kitamshukia, naye anajipanga namna ya kukipokea. Kuzuia ni neno jingine kabisa. Hata chanjo, kwa asili yake, ni neno la jeraha: kuchanja ni kukata, kama bibi zetu walivyochanja chale na kupaka dawa ndani yake. Lugha ilijua tangu zamani kwamba mwili hufundishwa kwa kuumizwa kidogo. Haikuahidi kwamba hautaguswa tena.

Mwili unajikinga kwa njia nyingi, lakini mbili ndizo zinazohusika hapa. Ya kwanza ni kingamwili, yaani protini zinazoelea ndani ya damu na katika ute wa pua na koo. Hizi hunasa kirusi kabla hakijaingia ndani ya seli, kwa kushika miiba yake. Hushika kwa umbo, kama ufunguo na kitasa chake. Umbo la mwiba likibadilika, mshiko unalegea. Kirusi cha Omicron, ambacho Afrika Kusini iliitaarifu Shirika la Afya Duniani tarehe 24 Novemba 2021, kilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba peke yake. Isitoshe, kingamwili hupungua miezi inavyopita. Basi walinzi wa mlangoni walikuwa wachache, na mgeni alikuja na sura nyingine.

Njia ya pili ni seli T, chembe nyeupe za damu zinazokomaa ndani ya tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Hizi hazikitafuti kirusi kinachoelea. Zinakagua seli zetu wenyewe. Kila seli hukatakata protini zilizomo ndani yake na kutandaza vipande juu ya ngozi yake, kama mama anayepanga mafungu ya nyanya mbele ya kibanda ili kila apitaye aone kinachouzwa. Kipande kinachoonwa na seli T za kuua huwa na viungo takriban 8 hadi 11 tu vya protini. Seli T ikikutana na kipande cha kigeni inachokifahamu, inajua kwamba nyumba hiyo imeshaingiliwa, na inaiua kabla haijatoa virusi vingine. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, waliofanya kazi Canberra nchini Australia miaka ya 1970, walionyesha kwamba seli T haisomi kipande peke yake. Hukisoma pamoja na alama ya mwili wenyewe. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Alama hizo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo vipande vinavyotandazwa na seli zangu si vile vinavyotandazwa na seli zako. Kirusi kinaweza kubadilisha vipande vichache vikanipita mimi. Kikifika kwako kinakuta mafungu mengine mezani. Kuwatoroka watu wote kwa pamoja ni kazi ngumu mno kwake, maana ingebidi kijibadilishe karibu chote, na kikijibadilisha chote hakitakuwa kirusi kile tena.

Lakini kinga hii ina sharti lake. Seli T haiwezi kufanya kazi mpaka seli iwe imeshaambukizwa. Inakuja mlango ukiwa umevunjwa. Ndiyo maana mtu aliyechanjwa aliweza kupimwa akakutwa na virusi, akaumwa mafua na homa siku tatu, kisha akapona nyumbani bila kufika kwenye chumba cha oksijeni. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Seli T ndivyo zilivyo: haziwezi kumzuia nyoka asiingie ndani, lakini hazisubiri kumwona mzima ndipo zishtuke.

Watafiti wa Cape Town walilipima jambo hili mapema. Katika utafiti wao uliochapishwa Januari 2022 kwenye jarida la Nature, waliochanjwa na waliowahi kuugua walikuwa bado na asilimia 70 hadi 80 ya mwitikio wa seli T dhidi ya mwiba wa Omicron, wakati nguvu ya kingamwili ilikuwa imeshuka vibaya. Wodini ilionekana vilevile: maambukizi yalipanda kwa kasi, vifo havikupanda kwa kiasi cha wakati wa Delta.

Kutojua kutofautisha mlango na ndani kuna gharama. Februari 2021 Afrika Kusini ilipokea dozi milioni 1 za chanjo ya AstraZeneca. Siku chache baadaye yakatoka matokeo ya jaribio la watu takriban 2,000, wengi wao vijana, yakionyesha kwamba chanjo ile haikuzuia sana ugonjwa mwepesi na wa wastani uliosababishwa na kirusi cha Beta. Serikali ikasimamisha mpango, na dozi zikapelekwa nchi nyingine za Afrika. Jaribio lile halikuweza kusema lolote kuhusu ugonjwa mkali, kwa sababu vijana wale hawakuugua kiasi hicho. Shabir Madhi, aliyeliongoza, alitetea hadharani kwamba wazee wapewe chanjo hiyo. Wazee wa miaka 60 na zaidi walianza kuchanjwa tarehe 17 Mei, na muda mfupi baadaye Delta ikafika.

Siwahukumu waliofanya uamuzi ule. Waliogopa kuwachoma watu chanjo ambayo ingeonekana imeshindwa, na imani ya watu ikivunjika mara moja ni kazi kuirudisha. Lakini tazama walivyofika hapo: ahadi ilipotajwa kuwa ni kuzuia, chanjo isiyozuia ikaonekana haina thamani, hata kwa mtu ambaye ingeweza kumwokoa.

Sasa nirudi kwa jirani. Kabla ya Omicron tuliambiwa tuchanjwe kwa ajili ya wengine. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kadiri chanjo ilivyopunguza maambukizi. Ikiwa kinga iliyobaki inanilinda zaidi mimi dhidi ya kifo, na inamlinda mwenzangu kidogo tu dhidi ya pumzi yangu, je, chanjo haijawa kama kofia ya bodaboda, jambo la kichwa changu mwenyewe?

Hoja hii si ya kupuuzwa. Novemba 2021 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hatapata huduma za ana kwa ana kwenye ofisi za umma. Mahakama Kuu ikaisitisha amri hiyo kabla haijaanza kutumika. Nadhani mtu aliyeambiwa achanjwe kwa lazima ili asiwaambukize wengine ana haki ya kuuliza kama sababu hiyo bado ni ya kweli. Sababu ikibadilika, amri iandikwe upya kwa sababu mpya, au ifutwe. Kuitetea kwa maneno ya jana ni kumdanganya mtu kwa ajili ya faida yake, na mtu mzima hafanyiwi hivyo.

Hata hivyo deni halikufutika. Lilibadilika sura. Kitanda nisichokilalia, anakilalia mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua. Mtungi wa oksijeni nisioutumia unamngoja mtoto mwenye nimonia. Awali niliombwa nisimwambukize jirani. Sasa naombwa nisimchukulie nafasi yake. Deni la namna hii ni gumu kulidai mahakamani, ila si dogo.

Kuna sura nyingine ambayo watu wa kwetu wanaielewa kuliko wengi. Aliyewahi kumsindikiza ndugu kliniki ya ARV anajua CD4. Tunaisema kama namba tu, ya kupanda na kushuka, lakini CD4 ni seli T zenyewe, zile zinazowapanga wenzake vitani. Afrika Kusini, watafiti walifuatilia mgonjwa mmoja mwenye VVU iliyofika mbali, aliyebeba kirusi cha korona kwa siku 216, na muda wote huo kirusi kikawa kinakusanya mabadiliko. Simlaumu mgonjwa huyo hata kidogo. Ninachokiona ni kwamba dawa za jirani yangu kufika kliniki kwa wakati ni sehemu ya kinga yangu mimi.

Limebaki jamboiloniuma zaidi. Omicron ilipowapita wengi bila kuwaua, walitokea watu wa kusema: mnaona, Afrika haikuhitaji chanjo. Ni kweli kwamba Gauteng, kabla ya wimbi lile, zaidi ya watu 7 kati ya 10 walipimwa wakakutwa na kingamwili, na wengi wao walizipata kwa kuugua. Mwili ulikuwa umeshafundishwa. Lakini aliyefundishwa kwa kuugua ni yule aliyebaki hai. Hesabu za vifo vilivyozidi kawaida Afrika Kusini zilikuwa zimefika takriban 300,000 mwanzoni mwa mwaka 2022. Wale hawakuwemo kwenye sampuli yoyote ya seli T.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Chanjo ndiyo maji yenyewe: unajifunza kutoka kwenye msiba wa mwenzako kabla wembe haujakufikia. Mwaka 2021 maji yalikuwepo. Nchi tajiri zilikuwa zimenunua dozi nyingi kuliko watu wake. Machi, India, iliyokuwa ikiziuzia nchi zetu, ilisitisha kupeleka nje baada ya kuzidiwa nyumbani. Tanzania ilizindua chanjo tarehe 28 Julai, baada ya kuzikataa kwa miezi, na hilo lilikuwa letu wenyewe. Mwaka ulipoisha, chini ya mtu 1 kati ya 10 barani Afrika alikuwa amekamilisha chanjo. Tulinyolewa kavu, kisha tukaambiwa upara umetupendeza.

Kwa hiyo ahadi ya haki naiona hivi, na mhudumu wa zahanati anaweza kuitamka kwa dakika moja: chanjo hii haitakuzuia kuambukizwa. Huenda ukaugua, huenda ukamwambukiza mwenzako. Lakini mwili wako utakuwa umeshaambiwa adui yukoje, na akiingia hautaanza kuuliza jina lake. Ahadi hii ni ndogo kuliko ile ya mabango. Anayeikubali ajue anachokubali, na anayeikataa ajue anachokikataa. Na wale waliokufa wakiisubiri wahesabiwe kila tunapotaja kinga tuliyo nayo leo.